Nyonga Yangu, Goti la Houssein

Jumanne, 2 Juni 2009. Magarama, Gitega.

Baraza la Houssein limejaa tena. Watu hadi kwenye ngazi! Waliokosa viti wamekalia matofali. Kisa? Goti. Houssein ni fundi cherehani, jirani yangu ukuta kwa ukuta, na goti lake la kulia limevimba kwa kukanyaga pedali tangu ujana wake. Goti moja tu, jamani! Limeletewa ndizi, limeletewa fanta, limesomewa dua. Pili, mke wake, anapitisha chai ya tangawizi kama vile kuna arusi.

Mimi nina magoti mawili mazima na hakuna aliyenibishia hodi tangu Pasaka. Huyo wa Pasaka naye alikuwa amekosea nyumba.

Nimeshinda ndani natengeneza redio ya mteja. Ilipona mapema, ila sijamwita aje kuichukua. Inaongea vizuri.

Ursula bado yuko Muyinga. Mke wangu alikwenda kumsaidia dada yake, Martha, aliyejifungua. Alisema ni wiki chache. Mtoto sasa anatembea! Sijui Ursula anangoja nini. Mlango uko wazi na njia anaijua.

Jumatano, 3 Juni

Bahati! Sokoni kuna mama anauza karatasi kuukuu za kufungia karanga. Kwake nimekuta picha ya mwili wa mtu, ile ya kutundikwa darasani. Imechanika. Juu inaanzia kitovuni, chini inaishia kidogo baada ya magoti. Kichwa hakuna. Mifupa yote nje, misuli myekundu kama nyama ya buchani. Maneno ni ya Kifaransa, na mimi nilikulia kwenye kambi ya wakimbizi ya Ngara, Tanzania. Kifaransa changu kinaishia kwenye bonjour.

Nimeitundika mbele ya kitanda. Nimempa jina: Bwana Nusu. Nikamwambia karibu. Hakujibu, lakini pia hakunibishia, na hiyo ni zaidi ya ninayopata mtaani.

Nikiwa namtazama, wazo likaja. Kubwa! Mtu mzima hatembelewi. Anayetembelewa ni mgonjwa. Houssein ana goti, kwa hiyo goti limeshachukuliwa. Lakini juu ya goti kuna nini? Nyonga! Tena nyonga ni kubwa kuliko goti, mtu yeyote anaweza kuona hapa ukutani. Mwanamume akivunjika nyonga, mke wake atakaa Muyinga? Thubutu. Atapanda gari la kwanza.

Ijumaa, 5 Juni

Nimepanda hadi Mushasha kwa mwalimu Sebastiani, anisomee maneno. Nusu nilimkunja nikamweka kwapani. Sebastiani alifurahi kupata mwanafunzi mwenye ndevu. Alinionyesha yote. Hili beseni la mifupa ndilo linalobeba tumbo. Pembeni mwake kuna kikombe, na kichwa cha mfupa wa paja, mviringo kabisa, kimekaa humo kinazunguka. Chini ndilo goti, na mfupa wake wa pia mbele kama kifuniko. Akanionyesha palipoandikwa gauche, yaani kushoto, akatia alama ya penseli nyekundu kwenye nyonga hiyo. Akauliza haya yote ni ya kazi gani. Nikasema elimu haina mwisho. Akanipa mkono. Nusura nimwambie ukweli, maana ni muda mrefu tangu mtu anishike mkono.

Nyumbani, mazoezi. Nusu ukutani, mimi mbele yake, tunatazamana kiuno kwa kiuno. Upande wenye alama nyekundu ndio ninaochechemea. Hatua, kilio kidogo, shika ukuta. Vizuri sana! Mtu angenionea huruma. Mwenyewe nilijionea.

Jioni nikaenda kwa Mahmudu, dereva wa lori la mizigo. Hupeleka mizigo mpakani Kobero na akifika Muyinga hulala. Ni mpwa wa Houssein, lakini lori ni lori. Nimemwomba amwambie Ursula kwamba nimevunjika nyonga ya kushoto na siwezi hata kuinuka. Nilimwambia hayo nikiwa nimesimama. Hakugundua.

Jumapili, 7 Juni

Balaa! Mahmudu kabla ya kuondoka alimwambia Pili. Pili akiambiwa, umetangaza. Mimi sina habari. Nimetoka misa, nimepanda juu ya paa kubadilisha vigae. Mara nasikia sauti chini. Ni Egidius, mkubwa wa watu wa ngobyi, na wanaume wa kilima kizima, na ngobyi yenyewe mabegani.

Ngobyi ni machela yetu ya mianzi iliyosukwa. Huku kwetu chini gari halishuki, kwa hiyo kila nyumba hutoa mwanamume, na mtu akiugua wanambeba hadi zahanati. Nyumba yangu haijawahi kuulizwa. Mwaka juzi tulivuka Kobero kurudi nchini, tukakuta shamba la baba kule Muyinga lina watu na migomba yao, tukaja Gitega kwa kuwa hatukuwa na pengine. Hapa naitwa Mtanzania. Mtanzania habebi wala habebwi.

Egidius akaita jina langu. Nami nikaitika. Kutoka juu! Namshukuru Mungu, hakuna anayetafuta mtu aliyevunjika nyonga juu ya paa. Wakatazama mlangoni. Nikateleza kwa nyuma, nikaangukia kwenye maboga, nikaingia kwa dirisha, nikajilaza. Nilikuwa nahema kama mbuzi aliyekimbizwa. Egidius akasimama mlangoni akashika kichwa. "Mana yanje! Mungu wangu! Maumivu inamukata pumzi!"

Wakaniinua. Hapa nitaandika ukweli kwa sababu hakuna anayesoma. Mikono ilipoingia chini ya mgongo wangu, nilitaka kulia. Walipokezana bila kusimama, wakiambiana polepole, kuna jiwe, kuna kona, mshikeni vizuri. Mshikeni vizuri! Nilitazama mawingu na kuomba zahanati isogee mbele kidogo.

Ilifika haraka mno.

Jumatatu, 8 Juni

Ya jana hayakuishia hapo. Muuguzi wa zahanati ni mama anaitwa Anisia. Aliwatoa wanaume nje. "Bon, papa, onyesha fasi inauma." Nikaweka kiganja kiunoni, pale panapokaa mkanda. Akauliza mbona kulia, wakati watu wote wanasema kushoto. Nikatazama mkono wangu. Kulia kweli! Ewe Nusu, umeniua! Nilikuwa namtazama uso kwa uso, kumbe kushoto kwake ni kulia kwangu. Nimefanya mazoezi ya mguu wa watu! Nikamwambia muuguzi kwamba maumivu yanatembea.

Akanieleza kwa upole kwamba penye mkanda ni ukingo tu wa beseni. Nyonga yenyewe iko ndani, na ikiuma mtu hushika kinena. Mara nyingine nyonga ndiyo mbovu lakini mtu anasikia maumivu gotini. (Hilo nimelihifadhi.) Tena nyonga ikivunjika, mguu hufupika na unyayo hulala kwa nje. Akaiweka miguu yangu pamoja. Sawasawa, kama mapacha. Nyayo zote mbili zinatazama dari kwa utiifu. Nikajaribu kuulaza mmoja. Akasema, "We papa, acha."

Nikangoja anifukuze. Badala yake akaniuliza naishi na nani. Nikasema na Nusu. Akauliza Nusu ni nani. Nikamweleza. Akatoka akawaambia wanaume ni msuli tu umeshtuka, nikapumzike. Hakuniumbua. Wakanirudisha kwa ngobyi vilevile, na kuteremka kulikuwa kutamu kuliko kupanda.

Leo, wageni! Pili kaleta chai. Egidius kaleta pombe ya ndizi, tukanywa. Akasema sheria ya ngobyi ni moja: aliyebebwa, hubeba. Sasa niko ndani. Hata Houssein alikuja na fimbo yake, akautazama mguu wangu, akanitazama usoni. "We Kastori, mi niko naumwa kweli. We uko naumwa wapi?" Wivu huo! Baraza lake leo lilikuwa na paka tu.

Walipoondoka nilimwambia Nusu kwamba sisi sasa ni watu wa ngobyi.

Jumatano, 10 Juni

Hakuna mtu. Msuli ni msuli tu, haudumu kwenye midomo ya watu. Niliketi kitandani mguu juu ya mto, mlango wazi, chai imepoa. Nilimsikia Houssein akicheka upande wa pili wa ukuta na nikasogeza kitanda karibu. Si kwa kudukua. Kwa kusikia watu tu.

Mteja wa redio alikuja kuichukua. Nilimwambia bado ina kasoro.

Ursula kimya. Labda Mahmudu hakumwona. Labda alimwona na Ursula akasema haya basi. Sitaki kufikiri hivyo, lakini usiku wa jana nilifikiri hivyo tu.

Alhamisi, 11 Juni

Siku ya aibu. Naandika kwa kifupi.

Asubuhi goti la Houssein lilinasa. Kuna kitu ndani kilijikunja, halikunjuki tena, na mwenyewe anapiga kelele. Egidius akaita ngobyi. Mimi mgonjwa, naweza kukaa. Lakini nikikaa, nitarudi kuwa Mtanzania. Nikatoka nikichechemea vizuri, mguu wa kushoto safari hii, nimejifunga uzi mwekundu kwenye kidole gumba nisisahau. Nikaingiza bega chini ya mti wa ngobyi.

Nani angejua ni raha hivyo? Tulipanda kilima kwa hatua moja. Mtu akichoka, mwingine anaingia. Wanawake wakatupisha njia wakitutakia amani. Nilisema kuna jiwe, kuna kona, mshikeni vizuri. Nilisema kwa sauti. Nilikuwa mbele kabisa, natembea kama mwanajeshi wa gwaride, na Houssein akiwa juu ndiye aliyeona kwanza. Mtu anaumwa hivyo lakini alipata nguvu ya kupaza sauti. "Egidius! Ona huyu! Nyonga yake imepona lini?"

Ngobyi nzima ikasimama. Nikaanza kuchechemea papo hapo. Kulia! Uzi ulikuwa kushoto! Wakacheka hadi Houssein akaomba wamshushe asije akaanguka. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia katikati ya kilima mbele ya kila mtu ninayemjua. Hakuna aliyenitukana. Ningependa wangenitukana.

Nikasema narudi nyumbani. Nikateremka kwa haraka kuonyesha nimekasirika. Penye lile jiwe, jiwe nililowaonya wote, mguu ukabaki na mwili ukageuka. Goti la kushoto. Nilisikia kitu ndani kikilia kama kijiti.

Jumamosi, 13 Juni

Goti limekuwa papai. Pia yake siioni, imezama. La kweli! Maumivu ya kweli! Na nani ataamini? Asubuhi watu walipita na majembe kwenda kazi za jumuiya. Egidius akaniita dirishani, akauliza leo ni mguu gani. Wenzake wakacheka. Nikapaza sauti kwamba ni goti, naapa kwa Mama Maria ni goti. Wakacheka zaidi, wakaenda.

Nilitambaa hadi kwenye mtungi wa maji. Nilimwambia Nusu alete kikombe. Kisha nikalia, nikikumbatia mto. Mtu akiwa peke yake hata kilio chake hakina mahali pa kwenda.

Mchana nikasikia lori la Mahmudu juu barabarani. Kisha sauti ya mwanamke inateremka, inaamkia watu. Naijua hiyo sauti! Lakini haikuja kwangu. Iliingia kwa Houssein! Nikasikiliza ukutani. Ursula anampa pole Houssein kwa goti. Pili anaongea, anaongea, anaongea. Kisha wote watatu wakacheka.

Alipoingia nilikuwa nimejiandaa. Nilimwambia maumivu yalianzia nyongani yakateremka gotini, na kwamba kitaalamu jambo hilo linajulikana. Ursula alimtazama Nusu ukutani. Alichuchumaa, akalishika goti kwa mikono yote miwili, akasema, "Hili ni la kweli." Akachemsha maji, akatia chumvi, akakanda kwa kitambaa. Mikono yake! Nilikuwa nimesahau kwamba ana kovu dogo kwenye kidole. Goti liliuma vibaya sana na nilitaka lisipone kamwe.

Jumapili, 14 Juni

Ursula ametengeneza uji, amefagia, amempigia mteja simu aje achukue redio yake. Nikamwambia vizuri, sasa umerudi nyumbani. Akasema hapana. Amekuja kumwona mgonjwa, kesho anaondoka.

Nikamuuliza kosa langu ni nini. Akaketi ukingoni mwa kitanda, akaongea polepole kama anavyoongea na watoto. Akasema mke aliyekwenda kwa ndugu zake hufuatwa. Mume huja na pombe, anasalimia, anasema nimekuja kumchukua mke wangu, basi. Mke hajirudishi mwenyewe kama mbuzi aliyekata kamba. Kaka zake huketi kila Jumapili nje wakitazama barabara, na yeye kila Jumapili huwaambia atakuja.

Sikujua! Nani angenifundisha? Kambini nyumba ya mama yake ilikuwa mbele ya yetu. Ursula akienda kwao asubuhi, namwona akitwanga huko. Jioni anarudi na kinu. Hakuna aliyemfuata mtu, maana hakuna aliyeweza kwenda mbali. Mimi nimekaa hapa na mlango wazi nikidhani hiyo ndiyo heshima. Yeye amekaa kule akidhani simtaki.

Nikamwambia nilidhani akisikia naumwa atakuja. Akasema, "Nimekuja, si unaniona? Lakini mguu wa nini, Kastori? Ungekuja ukasema nina upweke. Ningeondoka nawe siku hiyohiyo."

Nikamtazama Nusu anisaidie. Naye hana kichwa.

Jumatatu, 15 Juni

Ameondoka na gari la abiria la asubuhi. Nilimsindikiza hadi kona, kwa fimbo aliyoniazima Houssein. Akasema goti likipona nimfuate. Si lazima maneno mengi. Nisimame tu mbele ya kaka zake kwa miguu yangu mwenyewe. Nikaahidi. Nikaahidi tena gari lilipoanza kwenda, nikipunga fimbo.

Naam! Hakuna hila tena. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nitainama.

Ijumaa, 19 Juni

Goti limepona. Nimelipeleka sokoni na kurudi, halikusema neno. Mambo yote yako tayari. Houssein kanishonea kifungo cha shati na kunipigia pasi suruali. Egidius kaleta dumu la pombe ya ndizi bila kuombwa, akasema mtu wa ngobyi haendi kwa wakwe mikono mitupu. Mahmudu anaondoka mchana kwenda Kobero na kiti cha mbele ni changu.

Nilikuwa nakwenda. Naapa. Nilipita sokoni kununua sabuni tu. Yule mama wa karatasi akaniita. Amepata kipande cha juu! Kuanzia kitovu hadi utosini!

Nimekiunganisha na Nusu ukutani na nimekaa nikikitazama. Nikafikiri. Wale kaka ni wakubwa, wanaketi kwa mstari. Nikisimama mbele yao mzima, na dumu, na shati limenyooka, na Ursula akawa amebadili mawazo? Mtu mzima anaweza kukataliwa. Nitarudije na kiti kitupu pembeni yangu, njia yote hiyo, Mahmudu akijifanya anatazama barabara? Lakini mgonjwa! Nani anamkataa mgonjwa? Alikuja mara ya kwanza, sivyo? Alikanda kwa maji ya chumvi, sivyo?

Na bega, ukilitazama vizuri, ni rahisi kuliko nyonga. Halina kuchechemea. Kitambaa shingoni, basi.

Nimekwenda kwa Mahmudu nikamwambia amwambie Ursula kwamba bega langu limechomoka. La kushoto, na safari hii kushoto kwangu mimi, nimehakikisha. Siwezi kusafiri. Mahmudu alinitazama kwa muda, akauliza kama nina hakika. Nikainua mkono juu kuapa. Ule wa kushoto. Akawasha lori. Kiti cha mbele kikaenda kitupu.

Nusu sasa ana macho. Yananitazama kila ninapokwenda, kwa hiyo nimemgeuza uso ukutani. Dumu la pombe nimelificha chini ya kitanda. Mlango nimeuacha wazi. Ursula njia anaijua.